Miaka saba ya kujenga, na siku ya kuhamia hatuikumbuki

#1 Wa Msongola

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita mjumbe wetu alipita na daftari lake, anaandikisha wakazi wapya wa mtaa. Jina, kazi, mmetokea wapi, watoto wangapi. Tukajibu vizuri tu. Akafika kwenye "mmehamia lini?" Nikamtazama mke wangu, na yeye akanitazama. Mimi nikasema Machi. Yeye akasema, "Si ilikuwa baada ya Pasaka?" Mjumbe akasubiri, akachoka, akaandika "mwaka huu", akaomba maji ya kunywa.

Kilichoniuma ni hiki. Siku lori la kwanza la mchanga lilipokuja naikumbuka: ilikuwa Jumamosi, mvua imenyesha usiku kucha, lori likanasa kabla ya kiwanja na nikalipa vijana wausombe kwa toroli. Siku fundi aliponiambia nondo nilizouziwa kuwa ni mm 12 ni za mm 10, naikumbuka mpaka shati nililovaa. Siku ya kumwaga mkanda wa zege pia, maana saruji ilipungua mifuko mitatu saa kumi jioni na duka la karibu lilikuwa limefungwa. Msingi ulikaa mwaka na nusu ukiota majani, watu wakawa wanafunga mbuzi wao kwenye nondo zangu. Miaka 7, wakuu. Tumeishi vyumba viwili vya kupanga, kila senti inageuka tofali.

Na siku ya kuhamia? Nakumbuka kirikuu mbili. Nakumbuka godoro limelowa pembeni. Gesi ilikuwa haijaunganishwa, tukala chapati za dukani na chai ya rangi ya chupa aliyotuletea jirani. Nikalala kama gogo. Asubuhi nimesimama uani napiga mswaki, tayari natembea kwa hatua kupima fensi itakula tofali ngapi. Sikumaliza hata siku moja ndani ya nyumba niliyoililia miaka saba. Mpaka leo sijawahi kukaa sebuleni nikasema: haya, hii ndiyo.

Nauliza, ni mimi tu? Nyie mkimaliza jambo lililowatoa jasho huwa mnafanya nini? Na tafadhali sizungumzii sherehe za kamati, kadi na michango. Hizo zina nyuzi zake humu.

Nawasilisha.

#2 Karatasi Tatu

Siyo wewe tu, mkuu.

Mimi nilikuwa nasaka CPA, cheti cha bodi ya uhasibu. Somo la mwisho nimelikalia mara tatu, ndiyo asili ya jina langu humu. Matokeo yalinikuta kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja juu umeshika bomba, mkono mwingine umeshika simu. Nikaona nimefaulu. Nikazima simu nikairudisha mfukoni, maana pale Kimara wezi hawajui CPA. Nikaingia ofisini, nikafungua kompyuta, saa nne bosi akauliza ripoti ya mwezi iko wapi. Nikampa. Saa tisa nikaenda chooni nikalia kama dakika tano, nikanawa uso, nikarudi kwenye kiti.

Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe.

Ila mwili haukujua kwamba tumemaliza. Mitihani ya bodi ni Mei na Novemba, na kwa miaka minne Mei na Novemba zangu hazikuwa na harusi wala kipaimara. Novemba iliyofuata nikajikuta nimeamka saa tisa usiku, nimewasha taa, nimekaa mezani na kalamu. Hakuna mtihani. Mke wangu ananiangalia tu kutoka kitandani.

#3 Nyuki Dume

Mleta mada, umeshahamia, mshukuru Mungu, ukae kimya. Furaha ya hadharani inaita macho. Ukichinja mbuzi leo, kesho binamu amefika na karatasi ya ada, keshokutwa mtu anataka kuja "kusalimia" mwezi mzima. Mimi kwetu mpaka leo wanajua nimepanga.

#4 Wa Msongola

Nyuki Dume, nimekusoma na sikatai, macho yapo. Lakini mkuu, wakija kukusalimia unawaambia mwenye nyumba ni nani?

#5 Nyuki Dume

Mzee mmoja yuko Songea.

#6 Binti Sanduku

Hahaha, Nyuki Dume wewe utazikwa kama mpangaji.

Haya, mimi ni mama wa kikoba, tupo wanawake 25. Tunakutana kila Jumamosi kununua hisa. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Ndiyo tunavyoaminiana, mjue. Mwaka mzima ni vita. Umechelewa, faini. Simu imeita kikaoni, faini. Umekopa hurudishi, tunakuja kukaa barazani kwako watu sita na hatuondoki mpaka utoe hata nusu.

Desemba tunavunja. Sasa siku ya kuvunja hatupeani tu bahasha kila mtu akashika njia yake. Tunashona sare, kitenge kimoja, kila mtu na mshono wake (hapo nako kuna vita vyake, nisiwachoshe). Tunapika pilau. Halafu mhasibu wetu anasimama na daftari na kusoma kwa sauti, mmoja mmoja: fulani, hisa zako kadhaa, ulikopa mara kadhaa, ulirudisha, faida yako hii hapa. Kila jina likisomwa vigelegele. Hata yule tuliyekaa barazani kwake. Yeye ndiye anapigiwa zaidi, maana tunajua alivyohangaika.

Mwaka mmoja tukajifanya wajanja, tukasema tubane matumizi. Hela zikatumwa kwa simu, hakuna sare, hakuna pilau. Hesabu ilikuwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho. Januari tulirudi wanawake 14. Hakuna aliyegombana na mtu. Ukiuliza unaambiwa, "Mwaka huu acha nipumzike."

Pilau ilirudi mwaka huohuo.

#7 Mla Ndafu

Sisi Wachagga Desemba tunapanda Moshi kuhesabiwa. Pombe ya mbege, supu ya kisusio, nyama. Januari unarudi mjini unakopa nauli lakini unajua mwaka mzima ulikuwa unahangaikia nini. Uzi mwingine tafadhali.

#8 Mtoto wa Kisesa

Mla Ndafu amemaliza kwa mistari mitatu. Mimi ni Msukuma, naomba nafasi kidogo.

Kwetu swali la mleta mada lisingeeleweka. Umevuna? Unacheza. Pale Bujora, Kisesa, ukitoka Mwanza unashika njia ya Musoma, kila mwaka mwezi wa Juni kuna Bulabo. Kiasili ni maandamano ya kanisa ya Ekaristi, bulabo ni maua, ila yameoana na ngoma za mavuno kiasi kwamba ukifika katikati hujui misa imeishia wapi. Wachezaji ni pande mbili tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu. Utamu wake ni huu: pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji ndio wanaohama. Upande utakaovuta watu wengi ndio umeshinda. Ndiyo maana unaona mtu anaingia na chatu shingoni. Anatafuta umati, hana ugomvi na nyoka.

Lakini mimi tangu utoto huwa nawakimbilia Bagobogobo, watu wa majembe. Wanakuja wamebeba majembe, wanayarusha, wanayadaka, mstari mzima kwa pigo moja. Siyo majembe ya maonyesho hayo. Lile alilopalilia Januari mgongo unamuuma, ndilo Juni analirusha hewani watu wanashangilia. Mwaka mmoja nilimwona jirani yetu mle kwenye mstari. Shambani alikuwa mtu wa kulalamika tu, jua, magugu, bei ya pamba. Siku ile alikuwa mtu mwingine kabisa, nilidhani ni mdogo wake.

#9 Jirani Eldoret

Habari zenu majirani, niko Eldoret, nimesoma uzi wote.

Huku kwetu mwanariadha akirudi na ushindi anapokelewa uwanja wa ndege na mursik. Ni maziwa yaliyolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, kibuyu chenyewe tunakiita sotet. Anakunywa kwanza, waandishi wa habari baadaye. Hata awe ametoka kwenye ndege usiku kucha, macho mekundu, lazima midomo iwe nyeupe kwanza.

Lakini picha inayonirudia kichwani haikutokea hapa nyumbani. Mwaka 2023 Faith Kipyegon alikuwa na msimu ambao sijui kama nitaona mwingine. Juni 2 huko Florence, mita 1500, 3:49.11, rekodi ya dunia. Wiki moja tu, Paris, mita 5000, 14:05.20, rekodi ya dunia. Julai 21 Monaco, maili moja, 4:07.64. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Sifan Hassan, aliiweka hapohapo Monaco mwaka 2019, na Faith akaipunguza kwa karibu sekunde tano. Kwa maili moja huo si upunguzaji, ni uporaji.

Mimi nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, mashine ikazimwa tutazame. Na baada ya mbio ndio nikaona: wale kina dada aliowaacha nyuma walimjia, wakamkumbatia, kisha wakazunguka naye uwanja wote pamoja. Watu aliotoka kuwashinda! Kinyozi akasema, "Hao ndio wanajua hiyo maili ina uchungu gani." Akawasha mashine.

#10 Nyuki Dume

Hizo ni ngoma na riadha, watu wanalipwa. Niwape ya kwetu. Mdogo wangu alipopata digrii yake familia ikaamua afanyiwe. Ukumbi, MC, keki ya joho, mapambo, video. Sehemu ilitoka kwenye michango, iliyopungua baba akakopa kwa dhamana ya pikipiki. Mdogo wangu alikaa miaka mitatu bila kazi, pikipiki iliondoka mwaka wa kwanza. Video ipo, tunaitazama. Baba anaonekana amecheza vizuri sana.

Kwa hiyo mtu akiniambia "jipongeze" namwuliza kwa hela ya nani.

#11 Karatasi Tatu

Nyuki Dume, pole mkuu, hii imeniingia. Ila tazama: pale mliwafanyia waalikwa. Yule aliyesoma alikuwa kapambwa tu mbele kama keki yake.

#12 Mpauaji

Wakuu, huwa nasoma humu tu siandiki. Leo acha niandike.

Mimi ni fundi, napaua. Nilianza saidia fundi nikiwa na miaka 19, sasa nina 41. Nimepaua Kivule, Chanika, Mbande, Kibaha, mpaka Bagamoyo. Nikiwa kwenye daladala na mwanangu namwonyesha: ile yangu, ile yenye bati la kijani yangu, ile pembeni ya msikiti yangu. Siku moja akaniuliza, "Baba, ndani ikoje?"

Nikamwambia ndani sijui.

Kweli sijui. Sisi tunaondoka dari halijapigwa. Baada yetu anakuja wa umeme, wa jipsamu, wa tailizi, wa rangi. Na mwenye nyumba akishanilipa, siku nyingine nikiona namba yake kwenye simu najua bati linavuja. Hanipigii kwa jingine. Zamani kidogo siku ya kupaua mwenye nyumba alikuwa anachinja hata kuku, watu wanakula chini ya mwembe, mbao zinanukia. Siku hizi tunatumiwa "hela ya soda".

Kwa miaka yote hiyo, kuitwa kula ndani ya nyumba niliyoipaua, nimeitwa mara mbili. Moja ilikuwa msiba.

Simlaumu mtu, kazi ni kazi na hela nalipwa. Nimeona tu mleta mada anasema nyumba imekwisha na hajui afurahi na nani.

#13 Mama Kijacho

Mpauaji 😭

#14 Wa Msongola

Mkuu Mpauaji, nimesoma bandiko lako nikatoka nje nikasimama kuangalia bati. Halafu nikafungua simu. Namba zao zote ninazo. Unajua nimeziandikaje? "Fundi Ukuta". "Fundi Bati". "Fundi Choo". "Fundi Umeme MPYA", kwa sababu wa kwanza alinikimbia na advansi. Watu waliokaa na mimi miaka saba. Jina la fundi ukuta nalijua la utani tu, la saidia wake silijui kabisa.

Nirudi baadaye.

#15 Nyuki Dume

Ukitaka kumshukuru fundi mpe hela. Pilau haimlipii kodi.

#16 Mpauaji

Nyuki Dume, hela nilishalipwa mkuu.

#17 Kalafati

Uzi umekuwa mtamu, nami nitupe la Nungwi, Zanzibar.

Kwetu vyombo vinaundwa palepale pwani, unaviona kuanzia mkuku na mataruma mpaka mbao za juu. Fundi anaweza kukaa na jahazi moja mwaka na zaidi. Mwisho kabisa ni kukalafati, unasindilia pamba iliyolowekwa mafuta kwenye kila mwanya kati ya mbao, na mkono wako unanuka sifa, yale mafuta ya papa, wiki nzima, mke anakuhamisha chumba. Baada ya hapo chombo kinashuliwa, yaani kinashushwa majini. Na chombo hakijishui. Kinataka magogo, kamba, dua na watu, na watu hawavuti na njaa. Wanapikiwa. Anayeimba anaimba, wanaoitikia wanavuta, hatua kwa hatua mpaka maji yakipokee.

Sasa mngemtazama fundi siku hiyo. Yeye havuti. Anatembea pembeni ya chombo, kimya, mkono ubavuni mwa mbao kama mtu anayemsindikiza bibi harusi. Kikishaelea, watu wote wanapiga kelele, yeye anainama kuangalia kama panavuja. Halafu ndiyo anakula.

Mwenye nyumba huwezi kuishua nyumba, naelewa. Lakini mlango unafunguka.

#18 Wa Msongola: MREJESHO

Wakuu, nimerudi. Ni marefu, mtanisamehe.

Nilimweleza mke wangu habari za huu uzi. Akasema Jumapili, akaanza kuhesabu sahani kabla sijamaliza sentensi. Nikapiga simu.

Fundi Bati alipokea kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na polisi: "Bosi, linavuja wapi?" (Mpauaji, nilikukumbuka.) Fundi Choo: "Karo limejaa? Si nilisema uongeze pete mbili?" Fundi Umeme MPYA hakupokea mara tatu, nikamwandikia ujumbe, akajibu, "Nije na vifaa?" Kila mmoja ilibidi nimwambie mara mbili kwamba hakuna kazi, ni kula. Fundi Ukuta alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani imekatika, halafu akauliza anaweza kuja na mke wake.

Nikapita pia kwa yule mama ntilie aliyekuwa anawauzia wali maharage kipindi chote cha ujenzi. Kumbe daftarini kwake nadaiwa 18,000, chapati za wiki ya kupaua. Nikalipa palepale nikiwa nimeinamisha kichwa.

Jumapili wakaja, na wake zao na watoto, tukawa kama ishirini. Kilo sita za mchele, kilo nne za nyama, kreti mbili za soda. Jirani wa chai ya chupa alikuwepo. Mjumbe naye alikuwepo, sijui nani alimwambia.

Ngoja niwaeleze mlangoni. Fundi Ukuta alifika amevaa shati jeupe la mikono mirefu, limenyooshwa. Akasimama kizingitini anatafuta pa kuweka viatu. Tundu la mlango ule alilipima yeye. Miaka mingapi amelipita na ndoo ya udongo, na mabuti, akiimba, akimtukana saidia wake? Siku hiyo alivua viatu, akaviweka pembeni, visigino vikitazama ukuta, akasema "Hodi" kwa sauti ndogo. Mke wangu ilibidi aende jikoni.

Alipoingia, kabla hajakaa, akaugonga ukuta kwa kidole kilichokunjwa, sehemu mbili tatu, akasikiliza. Akamwambia mke wake, "Tofali za inchi sita, zote nilizimwagia maji mwenyewe." Saidia fundi siku hizi anaendesha bodaboda, alimshika mtoto wake mkono akampeleka chumba cha watoto: "Hapa ndipo tofali liliniangukia mguuni. Hapahapa. Sasa hapa pana kitanda." Mtoto akakikalia kitanda. Fundi Bati aliegemea kwenye sofa, shingo nyuma kabisa, akabaki anatazama juu. Kwa muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo dari ndiyo hili." Fundi wa dari aliyekuwa kiti cha pili akaanza kumweleza.

Mama ntilie tulimkalisha, tukampakulia wa kwanza. Hajazoea, alikuwa anainuka inuka. Akaonja, akasema mdalasini umezidi, akaomba aongezewe.

Baada ya kula nilimwiba Binti Sanduku wazo lake. Nina daftari la ujenzi, kila kitu kimo tangu mwaka wa kwanza: tarehe, mifuko, malipo. Mke wangu akasimama akalisoma. Kwanza tuliwauliza majina yao kamili, kwa kalamu, mmoja mmoja, nikafuta "fundi" nikaandika mtu. Aliposoma siku ya mkanda, saruji kupungua mifuko mitatu, Fundi Ukuta akadakia: "Mimi ndiye nilikwenda kumgongea mwenye duka nyumbani kwake, alikuwa anaoga!" Hilo nilikuwa sijui. Miaka yote nilidhani bahati ilitushukia tu, duka likafunguliwa. Vigelegele vikapigwa mpaka watoto wa jirani wakaja uzioni, yaani pale ambapo uzio utakuja kuwa.

Mjumbe alikuwa na daftari lake kama kawaida. Nikamwambia arekebishe, aandike tumehamia leo. Akasema serikali haiandiki hivyo. Akala sahani ya pili.

Gharama yote haikufika laki mbili. Nyuki Dume, binamu hajaja bado.

#19 Binti Sanduku

Umeniibia lakini nimekusamehe. Mdalasini kijiti kimoja tu kwa kilo sita, mwambie shemeji.

#20 Karatasi Tatu

Nimesoma nikiwa ofisini, nikatoka nje. Yule mzee aliyekuwa ananiachia taa za maktaba dakika kumi za ziada baada ya muda wa kufunga, bado yupo palepale getini. Naenda Ijumaa. Sijui nimpelekee nini.

#21 Mama Kijacho

Mpelekee cheti akione.

#22 Nyuki Dume

Laki mbili ni tofali ngapi?

(Lakini hongera mkuu. Hiyo ya viatu imenikaa.)

#23 Wa Msongola

Nyongeza moja halafu naufunga uzi upande wangu.

Leo Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nasikia baiskeli nje. Fundi Ukuta. Nguo za kazi, mwiko, nusu mfuko wa saruji kwenye kerea. Anasema juzi alipokwenda kunawa mikono jikoni aliliona dirisha, kizingiti chake kimelalia ndani badala ya nje, masika yakija maji yatateremkia kwenye sinki. Aliliweka mwenyewe, miaka minne iliyopita, jioni, giza limeingia. Anasema Jumapili usiku hakulala na jana alikuwa na kazi ya mtu.

Nikamwuliza bei. Akaniangalia kama nimemtukana.

Sasa hivi yuko jikoni anabomoa, mke wangu anamlaumu vumbi, chai iko mezani.

#24 Mpauaji

Hongera sana mkuu. Lakini umeeleza kila kitu, la bati hukusema. Linavuja au halivuji?

#25 Wa Msongola

Halivuji.